Ufundishaji wa Historia ya Maangamizi ya Wayahudi: Mfano wa Makumbusho ya Washington
Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi yaliyofunguliwa Washington mwaka 1993 hayaanzi na kambi za mauaji. Mgeni hupandishwa kwa lifti hadi ghorofa ya nne, inayoeleza miaka ya 1933 hadi 1939: Wayahudi wa Ujerumani walifukuzwa kazi serikalini, maduka yao yakasusiwa, na Sheria za Nuremberg za 1935 zikawavua uraia. Mauaji ya Wayahudi milioni 6 yanafuata katika ghorofa ya tatu. Mpangilio huu wenyewe ni hoja ya kihistoria: mauaji yalitanguliwa na ubaguzi uliohalalishwa, ambao majirani wengi waliunyamazia. Hivyo, kuvumiliana kunakofundishwa hapo si upole wa moyo tu, bali ni wajibu wa kuupinga ubaguzi ungali katika kauli na sheria.