Wavuvi wa Heringi Katika Mlango wa Otranto

Septemba 1915 boti za kwanza za kuvulia heringi kutoka Uingereza ziliingia bahari ya Adriatic. Zilikuja na manahodha wao na mabaharia wao, watu waliozoea kukesha na nyavu katika Bahari ya Kaskazini.

Fikra ya kuwakodi wavuvi ilikuwa na miaka kadhaa. Mwaka 1907 Admirali Charles Beresford alishauri kwamba boti za uvuvi za bandari ya Grimsby zifagie mabomu ya baharini: mtu anayeburura wavu sakafuni mwa bahari kila siku hana haja ya kufundishwa upya. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, serikali ikazikodi boti hizo kwa mamia. Wenye boti wakalipwa kodi, wafanyakazi wakaandikwa katika jeshi la akiba la majini. Waliozoea kutega heringi wakapewa nyavu za chuma wategee nyambizi.

Mlango wa Otranto, kati ya kisigino cha Italia na Albania, una upana wa kilomita 70 hivi. Kuuziba ili nyambizi za adui zisitoke Adriatic kulionekana rahisi kwenye ramani tu. Mei 1916 nyavu ziliinasa nyambizi U-6 ya Austria, na sifa zikaenea; lakini nyambizi nyingi zilijipitia. Kwa gharama ile, mavuno yalikuwa haba.

Gharama yenyewe ilidaiwa alfajiri ya 15 Mei 1917. Manowari tatu za Austria, Novara, Helgoland na Saida, zikiongozwa na Miklós Horthy, ambaye baadaye aliitawala Hungaria, zilizikuta boti 47 kazini, kila moja na kimzinga kidogo. Waaustria, tuwape haki yao, walipiga ving'ora kwanza ili wavuvi wajiokoe. Wengi wakaacha boti zao, na nani angewalaumu? Boti 14 zilizama, watu 72 wakatekwa.

Nahodha Joseph Watt wa boti Gowanlea alikataa. Manowari ikiwa mita mia moja tu kutoka kwake, aliamuru mwendo wa kasi na mzinga ufyatuliwe. Risasi moja ikatoka, mzinga ukaharibiwa. Baharia wake Fred Lamb, mguu umevunjika, akaendelea kuhangaika nao. Baadaye Watt aliisogeza boti yake kando ya boti nyingine, Floandi, awatoe majeruhi na maiti.

Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, akarudi Fraserburgh, Uskoti, kuvua heringi, na habari za nishani hakupenda kuzizungumza. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alikuwa tena kazini na boti yake Benachie, akihudumia meli za kivita katika maji ya kwao. Alifariki mwaka 1955.