MJUE LENNY HENRY: ALIANZA KWA KUJICHEKA RANGI YAKE, AKAISHIA KUWAHESABIA WAKUBWA WA TV

Wadau, leo nataka tumzungumzie jamaa mmoja ambaye huku kwetu wengi, kama wanamjua, wanamjua kwa pua nyekundu ya plastiki. Ni Lenny Henry, lile pande la mtu mweusi ambalo kwa miaka karibu arobaini lilikuwa likisimama kwenye TV ya BBC kuwachangisha Waingereza fedha, nyingi zikiwa za kuja Afrika. Lakini hiyo pua ni kipande tu cha maisha yake. Jamaa ni mchekeshaji wa jukwaani, mwigizaji, mtangazaji wa redio, na siku hizi ni daktari (wa vitabu, msimpelekee malaria). Mimi nimemfuatilia kwa sababu moja: watu wanacheka nini hasa wanapomcheka mtu mweusi jukwaani? Akiwa kijana alilipwa kulijibu swali hilo vibaya, na amekaa miaka mingi akilijibu upya.

Jina lake kamili ni Lenworth George Henry. Kazaliwa tarehe 29 Agosti 1958 mjini Dudley, katikati ya England, jirani na Birmingham. Familia yake ni ya Jamaika. Mama yake, Winifred, aliingia Uingereza mwaka 1957, enzi ambazo baada ya vita viwanda na hospitali za kule zilikuwa zinatafuta mikono ya watu. Alilelewa akijua baba yake ni Winston Henry, mume wa mama, kisha utotoni akaja kuambiwa kuwa baba mzazi ni mtu mwingine, Bertie Green. Hayo kayaandika mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake, Who Am I, Again?, kilichotoka 2019. Jina la kitabu tu linakwambia jamaa alikuwa na maswali.

Sasa fikiria mtoto mweusi katika mji ule. Aprili 1968, Lenny akiwa na miaka tisa, mbunge wa Wolverhampton, mji wa jirani kabisa, bwana Enoch Powell, alitoa ile hotuba yake maarufu ya kuwapinga wahamiaji. Mitaani na shuleni maneno yakawa makali. Mama Winifred akawapa wanawe agizo: nendeni mkachanganyike na watu wa hapa. Lenny akachanganyika kwa silaha aliyokuwa nayo, mdomo. Alikuwa anaiga sauti za watu wa kwenye TV, na mtoto anayekuchekesha ni vigumu kumpiga.

Mwaka 1975, akiwa na miaka 16 na anajifunza ufundi kiwandani, akaingia kwenye shindano la vipaji la ITV lililoitwa New Faces. Alichokifanya mpaka leo kinasimuliwa. Alitoka jukwaani akiwapa watu mgongo, kavaa koti na kofia za Frank Spencer, mzungu mmoja wa kwenye kipindi cha vichekesho aliyekuwa kila akigusa kitu kinaharibika. Akaongea kwa sauti yake ileile. Halafu akageuka! Watu hoi. Akashinda.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Walicheka kwa sababu aliiga vizuri, ni kweli. Lakini kicheko kikubwa kilikuja pale uso ulipoonekana ni mweusi. Yaani rangi yake ndiyo ilikuwa kichekesho chenyewe, na wenye biashara waliliona hilo haraka sana.

Meneja wake, Robert Luff, ndiye aliyekuwa akiliendesha jukwaani onyesho la The Black and White Minstrel Show. Kwa wasiolijua: ni wazungu wanaojipaka rangi nyeusi usoni, wanachora midomo mikubwa, wanaimba na kucheza. Msidhani ilikuwa kwenye vilabu vya uchochoroni. BBC ililionyesha tangu 1958 mpaka 1978, tena saa ambazo familia nzima imekaa sebuleni. Kijana Lenny akawekwa humo kama mchekeshaji, na akazunguka nalo Uingereza kwa takriban miaka mitano. Katika ukumbi mzima wa watu weusi wa kupaka, yeye peke yake ndiye ambaye rangi haikuwa inatoka kwa sabuni. Amesema waziwazi kwamba alijuta na kwamba jambo lile lilimuumiza moyo kwa muda mrefu.

Kuna wanaomlaumu. Mimi siwezi kumlaumu sana kijana wa miaka 16 ambaye wakubwa wote waliomzunguka walikuwa wanampigia makofi. Na mfano aliokuwa nao ulikuwa nani? Mchekeshaji mweusi aliyevuma zaidi wakati ule alikuwa Charlie Williams, mwanasoka wa zamani wa Doncaster Rovers, ambaye mtu akimpigia kelele ukumbini alimtishia kuwa atahamia nyumba ya jirani yake. Ukumbi unavunjika mbavu. Utani mkali huo, lakini utazame upande wa pili: unakubali kwamba mweusi kuwa jirani yako ni balaa. Lenny naye alifuata njia hiyo, ingawa tayari alikuwa na utani mmoja uliokuwa unaelekea kwingine. Alisema Powell anataka kuwapa weusi pauni elfu moja warudi kwao, na yeye anazitaka sana, maana nauli ya basi mpaka Dudley ni senti tu. Huo naupenda mpaka leo. Anayechekwa humo ni Powell.

Mambo yakaanza kubadilika taratibu. 1976 na 1977 alikuwa kwenye The Fosters, kipindi cha kwanza cha vichekesho Uingereza ambacho karibu waigizaji wote walikuwa weusi, mkubwa wao akiwa Norman Beaton kutoka Guyana. Mwishoni mwa miaka ya 70 akaingia Tiswas, kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi chenye vurugu za kila aina, akawa anamwiga Trevor McDonald, msoma habari mweusi mzaliwa wa Trinidad. Kisha 1981 hadi 1983 akawa BBC na Tracey Ullman na David Copperfield kwenye Three of a Kind.

Wakati huohuo London palizuka kundi jipya la wachekeshaji, wengi wakikutana Soho kwenye klabu ya Comic Strip. Hawa walikuwa na msimamo: hakuna utani wa kuwadhalilisha weusi, hakuna utani wa kuwadhalilisha wanawake. Lenny akaenda kuwaona. Humo ndimo alimokutana na Dawn French, mchekeshaji mwenzake, wakaoana 1984 (waliachana 2010, na wana binti mmoja waliyemlea tangu mchanga). Kwa jinsi ninavyosoma maisha yake, klabu ile ndiyo iliyompa ruhusa ya kuacha kujicheka.

Akaanza kutengeneza watu wake mwenyewe. Aliye bora kwangu ni Delbert Wilkins, kijana wa Brixton mwenye maneno mengi na suti za kung'aa, anayeendesha kituo cha redio kisicho na leseni. Kituo kinaitwaje? Brixton Broadcasting Corporation. Ndiyo, BBC! Na kipindi chenyewe kinarushwa na BBC ileile. Hii ni miaka michache tu baada ya ghasia za Brixton za 1981, ambapo vijana weusi walipambana na polisi. Delbert alipolalamika kuhusu polisi kumsimamisha barabarani, watazamaji walicheka pamoja naye. Tofauti na yule kijana wa 1975 mnaiona.

Miaka ya 1990 akajaribu Hollywood kwa filamu ya True Identity (1991), haikwenda popote, tuiache. Kuanzia 1993 hadi 1996 akacheza Chef!, akiwa mpishi mkuu wa hoteli ya hali ya juu mwenye ulimi wa kuwanyoa wapishi wake. Katika kipindi kile mpishi anachekesha kwa kiburi na hasira zake. Kwamba ni mweusi, mara nyingi hakuna hata anayegusia.

Sasa tuje kwenye pua. Mwaka 1985, baada ya njaa kubwa ya Ethiopia, mwandishi wa filamu Richard Curtis na Lenny Henry walianzisha Comic Relief. Ilizinduliwa siku ya Krismasi mwaka huohuo, moja kwa moja kutoka kambi ya wakimbizi ya Safawa nchini Sudan. Februari 1988 wakafanya siku ya kwanza ya pua nyekundu, wakakusanya pauni milioni 15. Utaratibu ulikuwa rahisi: mchekeshaji anakuchekesha dakika kumi, halafu inakuja filamu fupi ya mtoto anayekufa, halafu namba ya simu ya kuchangia. Kufikia 2015 walitangaza kuwa wamevuka pauni bilioni moja. Hizo si fedha za mchezo wadau, zimejenga, zimenunua dawa na vyandarua, na anayezibeza aende akawaulize waliolala chini ya vyandarua hivyo.

Lakini. Mwaka 2011 Lenny mwenyewe alikuja Nairobi na mastaa wengine watatu, Samantha Womack, Reggie Yates na Angela Rippon, wakaishi wiki moja Kibera kwa ajili ya kipindi cha BBC kilichoitwa Famous, Rich and in the Slums. Alikutana na watoto yatima wanaoishi kwenye kibanda kilichopakana na vyoo, na akaguswa akawasaidia kuhamia mahali pazuri zaidi. Sina shaka na moyo wake. Ila mkazi wa Kibera anayeamka saa kumi kwenda kibaruani Industrial Area, anayelipa ada ya mtoto na anayecheza ngoma Jumamosi, katika filamu za aina hii huwa haonekani. Anayeonekana ni mgeni anayelia.

Mjadala huo ulilipuka 2019, pale mtangazaji mmoja mzungu, Stacey Dooley, alipoweka mtandaoni picha yake akiwa kambeba mtoto wa Kiganda. Mbunge wa Tottenham, David Lammy, ambaye wazazi wake walitoka Guyana, akasema hadharani kuwa dunia imechoka na wazungu waokozi. Wengine wakamjia juu. Michango ya usiku wa mwaka ule ikashuka kwa takriban pauni milioni 8 ikilinganishwa na 2017, na watu wakagombana kama sababu ni Lammy au la. Oktoba 2020 Comic Relief ikatangaza kuwa haitatuma tena mastaa kuja Afrika, na kwamba filamu zake zitatengenezwa na Waafrika wenyewe. Ilichukua miaka 35!

Cha ajabu ni kwamba nyumbani kwake Lenny alikuwa ameshaianza vita hiyohiyo ya nani anashika kamera. Machi 2014, kwenye hotuba aliyopewa na BAFTA, chama cha tuzo za filamu na TV, alikwenda na namba. Wafanyakazi wasio wazungu kwenye tasnia hiyo walikuwa asilimia 7.4 mwaka 2006, na kufikia 2012 wakashuka hadi 5.4. Hiyo ni nchi ambayo jiji lake kuu, London, lilikuwa na asilimia 40 ya watu wasio wazungu kwa sensa ya 2011. Na hakuomba huruma. Alisema BBC iliweza kuhamisha vipindi kwenda Scotland, Wales na mikoani kwa kutenga fedha maalumu, basi itenge na kwa hili. BBC ikajibu miezi michache baadaye kwa mfuko wa pauni milioni 2.1. Kwa shirika la ukubwa ule, hiyo ni chenji.

Mgombea mmoja wa udiwani wa chama cha UKIP akamjibu mtandaoni kwamba, kama hapendi, ahamie nchi nyeusi. Maskini hakujua. Dudley ipo kwenye eneo ambalo Waingereza wote wanaliita Black Country, yaani Nchi Nyeusi, kwa ajili ya makaa ya mawe na moshi wa viwanda vyake vya zamani. Jamaa kwao ni huko toka azaliwe! Utani wa nauli ya basi ukawa umejirudia wenyewe.

Shule nayo alirudi ukubwani. Digrii ya fasihi Open University mwaka 2007, ya pili Royal Holloway 2010, na PhD 2018 kuhusu watu weusi na vyombo vya habari. Katikati ya hapo, baada ya kutengeneza kipindi cha Redio 4 kuhusu Shakespeare, aliigiza Othello mjini Leeds na kisha London mwaka 2009, na wakampa tuzo ya chipukizi akiwa na miaka 51. Malkia alimpa usir 2015, na mwaka 2016 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Birmingham City, ambako pana kituo cha kufuatilia hizo namba kinachobeba jina lake. Mwaka 2023 aliandika na kucheza peke yake August in England, kuhusu mzee aliyeletwa Uingereza toka Jamaika akiwa mtoto na uzeeni anaambiwa hana karatasi, aondoke. Machi 2024 akaongoza usiku wa pua nyekundu kwa mara ya mwisho, akaaga.

Mwenye nusu saa tu ya kulipia, aache hizo filamu za njaa aanze na Chef! Akibakiwa na dakika, amtafute Delbert.