Mkia wa Mpira

Fundi aliibonyeza ile spoila kwa kidole gumba. Haikubonyea. "Hii imekufa, bosi. Wacha nikuwekee ya faiba, usahau hii maneno kabisa."

Tulikuwa Grogan. Gari ni BMW ya miaka ya themanini, ile ya umbo la sanduku, ambayo marehemu baba aliinunua ikiwa imeshapita mikono kadhaa na akaiendesha mpaka akastaafu. Juu ya buti ina kimkia cha mpira, kilichopasukapasuka rangi kama tope la bwawa lililokauka. Sikukubali haraka. Mapenzi ya kitu cha baba yapo, sikatai, lakini nilitaka kwanza kujua kwa nini Wajerumani, watu wa chuma, waliweka mpira mahali pale.

Mambo yanaanzia kwa Porsche. 911 ilikuwa na tabia ya kunyanyuka nyuma ikishika kasi, jambo ambalo dereva hulijua akiwa tayari kwenye kona. Mwaka 1972 wahandisi wake, Tilman Brodbeck akiwa mmoja wao, wakaipa kifuniko cha injini kilichopinda juu kama mkia wa bata. Kwa mwendo wa kilomita 245 kwa saa, nguvu ya kuinua magurudumu ya nyuma ikashuka kutoka kilo 144 hadi 42. Gari hilo, Carrera RS 2.7, likaonyeshwa Paris Oktoba mwaka huo. Zilihitajika 500 tu ili liruhusiwe mashindanoni, yakaundwa 1,580. Mwaka uliofuata BMW wakaja na 3.0 CSL yenye bawa kubwa kiasi kwamba halikuruhusiwa kwenye barabara za Ujerumani. Basi mteja alikabidhiwa bawa likiwa ndani ya buti, ajifungie mwenyewe. Ujanja wa namna hiyo hauhitaji kutafsiriwa Nairobi.

Tatizo la wakaguzi lilikuwa ukingo. Mkia wa bata ulikuwa mgumu, na nyuma ya gari hupita watu: wa miguu, wa baiskeli, watoto. Porsche walipoleta 911 Turbo mwaka 1974, bawa lilikuwa kubwa zaidi, ila kingo zake zilizungushiwa mpira mweusi laini. Mwaka huohuo Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ikatoa agizo 74/483, kuhusu vitu vinavyochomoza nje ya gari. Ni maandishi makavu, ukiyasoma usiku utalala. Lakini humo mna kanuni moja iliyonigusa. Ukingo unaoweza kumgusa mtu uwe na mviringo wa nusukipenyo kisichopungua milimita 2.5, yaani usiwe mkali kuliko mgongo wa penseli nyembamba. La sivyo, uwe wa kitu laini, ugumu wake usizidi 60 kwa kipimo cha Shore A. Hapo ni karibu na mpira wa tairi.

Kwa hiyo ule mpira haukuwekwa kwa urembo. Spoila ya baba iko usawa wa uso wa mtoto wa miaka sita, na pale ploti kwetu watoto hucheza mpira katikati ya magari kila jioni. Faiba ya Grogan nimeishika: ukingo wake unaweza kukata kitunguu.

Suala la rangi nalo lina historia yake, fupi. Mwaka 1968 Pontiac waliipa GTO bampa ya mbele iliyoitwa Endura, ya mpira uliopakwa rangi ileile ya bodi, na kwenye tangazo la televisheni wakaipiga kwa mtaimbo ikarudi umbo lake. Siri haikuwa mpira peke yake. Rangi pia ilibidi ipindike. Rangi ya kawaida ya gari hukauka ikawa gamba. Ukiiweka juu ya kitu kinachonesa, itapasuka tu.

Nikarudi kwa fundi. Nikamwambia hatuweki faiba, tunasugua. Akacheka, akaguna, akachukua msasa wa maji. Nilimwomba thina ikae mbali, maana huufura mpira. Chini ya nyeusi ikatokea nyekundu, ambayo sikuijua kabisa; sijui baba aliijua. Chini ya nyekundu, filla. Filla nyingi ajabu, ya bodi, ngumu kama jiwe, imepakwa na mtu aliyetaka kuficha nyufa za kwanza. Tulisugua alasiri nzima. Kisha fundi akabonyeza tena, na kidole kikazama.

"Kumbe iko," akasema.

Alipaka praima ya plastiki, halafu nyeusi iliyochanganywa na dawa ya kulainisha rangi, mikono mitatu myepesi. Dawa hiyo ilinigharimu kuliko rangi yenyewe, na nilizunguka maduka manne ya Kirinyaga Road kabla ya kuipata.

Kona ya kushoto haikurudi. Huo ndio upande uliotazama jua la mchana pale baba alipokuwa akiegesha kazini, miaka nenda miaka rudi, na mpira wake umekauka hadi ndani. Hapo tulifuata ile sehemu nyingine ya kanuni: tukausugua ukingo polepole, nikiulinganisha na penseli niliyoazima kwa mwenye duka, mpaka ukawa na mviringo wake.