Dola 1,000 za Yadi ya Mbao

Mwaka wa 1953, wanachama wa vyama vya wafanyakazi walisimama na mabango nje ya biashara ya mbao huko San Diego, California. Walitaka mwenyewe abaki tu na wafanyakazi ambao ni wanachama, ama watakaoomba kujiunga ndani ya siku 30. Akakataa. Wafanyakazi wake, alisema, hawakuwa wamevichagua vyama hivyo viwasemee.

Maandamano yalikuwa ya amani. Hata hivyo mwenye yadi alienda kortini. Jimbo la Marekani si kama kaunti yetu, lina mahakama zake na sheria zake. Korti ya California ikawazuia kuandamana na kuwaamuru walipe fidia ya dola 1,000.

Sasa stori inanoga. Bunge la Marekani lilikuwa limeikabidhi Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi ugomvi wa aina hii. Na Bodi ilikuwa imekataa kuisikiliza kesi, eti biashara ni ndogo mno. Mlango wa juu umefungwa, je, wa chini ubaki wazi?

Mahakama ya Juu ilisema hapana, mara mbili. Mwaka wa 1957 iliondoa amri ya kuzuia maandamano. Tarehe 20 Aprili 1959 ikafuta na zile dola 1,000. Jaji Felix Frankfurter aliandika kwamba kitendo kikiwezekana tu kuwa kinalindwa au kinakatazwa na sheria ya shirikisho, jimbo likae kando. Fidia nayo, alisema, ni njia ya kutawala.

Vyama vilishinda. Mwenye biashara ndogo akabaki bila pa kushtaki, hadi Bunge liliporuhusu, mwaka huohuo, majimbo yachukue kesi ambazo Bodi inazikataa.

Lakini ngao haichagui wa kumkinga. Wisconsin ilikataa kununua chochote kwa kampuni iliyovunja sheria ya kazi ya shirikisho mara tatu ndani ya miaka 5. Mwaka wa 1986, Mahakama ya Juu ilifuta marufuku hiyo ikitegemea kesi ya yadi ya mbao. Adhabu ni kazi ya shirikisho, si ya jimbo. Mvunja sheria akasimama palepale walipokuwa wamesimama waandamanaji wa San Diego, akakingwa vilevile.

Na wale ambao sheria ya 1935 iliwaacha nje kabisa, yaani vibarua wa mashambani? Kwa kuwa shirikisho halikuwataka, California ilikuwa huru. Mwaka wa 1975, baada ya migomo ya miaka mingi, ikawatungia sheria yao ya kuunda vyama na kupiga kura ya siri. Walisubiri miaka 40. Waliosahauliwa na sheria kubwa ndio ambao sheria ndogo iliweza kuwafikia.