Kipya Si Tayari

Desemba 1796, baba mmoja wa Chatham, Uingereza, alimnunulia mwanawe, Benjamin Seaton, vifaa vya useremala kutoka kwa Christopher Gabriel wa London. Kijana akatengeneza kasha la kuvitunzia. Kasha hilo bado lipo, katika makumbusho ya Rochester, pamoja na orodha ya vifaa na bei zake.

Mimi, mwanafunzi wa historia, navutwa na kisichoandikwa humo: kazi. Enzi hizo patasi nyingi ziliuzwa bila mpini. Fundi alijichongea wake. Kisha upande wa bapa husuguliwa kwenye kinoo hadi mikwaruzo ya kiwandani iishe, kwa sababu makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Uso mmoja ukiwa na mabonde, kuunoa mwingine ni kazi bure. Joseph Moxon, mwandishi wa London wa karne ya 17, alieleza hata namna chuma cha randa ya kuanzia kinavyonolewa kiwe na mbinuko kidogo katikati.

Saa hizo hazina bei kwenye orodha. Ndiyo maana nikishika risiti ya zamani huuliza: nani alinoa, na alilipwa?