Weledi, Mwonekano na Bwana Shamba

Kuna neno ambalo halijaingia kamusini lakini limeshaingia ofisini: profeshno. "Yule dada yuko profeshno." Mwulize msemaji anamaanisha nini, na nusu ya jibu itahusu kazi ya dada huyo, nusu itahusu viatu vyake. Anajua anachokifanya, hachelewi, hapayuki. Tena kapiga pasi, ananukia vizuri, na simu huipokea kwa sauti ya utulivu. Kwenye hotuba, ambako profeshno lingeonekana neno la kijiweni, kiongozi husema weledi. "Fanyeni kazi kwa weledi." Watumishi hupiga makofi, kila mmoja na weledi wake kichwani.

Nadhani tumelibebesha neno hili mizigo miwili. Wa kwanza ni kuijua kazi na kuifanya kama inavyopaswa. Wa pili ni namna mtu wa kazi anavyojionyesha mbele ya wale anaowahudumia. Huu wa pili unastahili jina lake, na nina jina la kupendekeza. Ila sitalitafuta Posta wala Masaki jijini Dar es Salaam, mahali ambapo tai na kiyoyozi hurahisisha mambo. Nitalitafuta Kitaya.

Kitaya ni kata ya Halmashauri ya Mji Nanyamba, mkoani Mtwara, kando ya Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Bondeni hulimwa mpunga, juu kuna mikorosho na mihogo. Wengi wetu tulilisikia jina hilo Oktoba 2020, wavamizi waliotokea ng'ambo walipokishambulia kijiji, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tangu hapo mgeni mwenye viatu safi na begi mgongoni haulizwi amesomea nini. Anaulizwa ametumwa na nani, na kama ameshasaini kitabu cha wageni kwa mtendaji. Katika vijiji vya namna hii watu wa mshahara ni wachache na kila mtu anawajua: walimu, wauguzi, mtendaji, karani wa chama cha ushirika msimu wa korosho ukifika, na bwana shamba.

Huyu bwana shamba anatufaa sana, kwa sababu hata jina lake lina habari. Kiswahili kilijijengea safu nzima ya vyeo kwa namna hiyo: bwana afya, bwana miti, bwana nyuki, bwana samaki, bwana fedha, kwa wanawake bibi afya, bibi maendeleo. Lisome jina polepole. Kinachotangulia ni ubwana, shamba linafuata. Aliyekuja na kaptura iliyonyooka, soksi ndefu na daftari alikuwa bwana kwanza, habari ya mimea ilikuja baadaye. Serikali imeshabadili cheo kuwa afisa ugani, na nadhani ilifanya vyema, maana ugani ni kazi ya kupeleka maarifa kwa mkulima, si ya kumtawala. Hata hivyo vijijini bado ni bwana shamba, na mzee wa miaka sabini humwita hivyo kijana aliyemaliza diploma juzi. Kijana mwenye adabu hutanguliza shikamoo, mzee akaitikia marahaba mwanangu, ndipo ubwana na uwana vikakaa kwenye mkeka mmoja bila kugombana.

Turudi kwenye istilahi. Utaalamu na taaluma ni ndugu wa elimu na mwalimu. Yote yamechipuka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujua na kujifunza. Ndiyo maana "taswira ya kitaaluma", tafsiri inayopendwa na waandishi wa miongozo ya ajira, inaleta picha ya mhadhiri na miwani yake. Haimleti yule karani wa ushirika na mizani yake. Ustadi na ufundi vina jasho ndani yake, lakini vimebaki gereji na kwenye useremala. Ni nadra kumsikia mhasibu akiitwa fundi kwa kusifiwa. Weledi likapita katikati yao. Lina maana ya ujuzi na ufahamu, halina harufu ya chuo wala ya grisi. Kwa mzigo wa kwanza ni neno zuri, na sina ugomvi nalo.

Ugomvi unaanzia kwenye mavazi. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zina misingi minane: huduma bora, utii kwa Serikali, bidii, kutopendelea, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Haya yote ni matendo. Kisha ukaja Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi, na huu ndio uliopata umaarufu, kwa sababu nguo huonekana na uadilifu hauonekani. Ingia ofisi nyingi za halmashauri utakuta mlangoni bango la picha: kimini kimepigwa mkasi mwekundu, suruali iliyobana vilevile, kaptura vilevile. Kinachonichekesha, kama si kunikera, ni kwamba waraka uliandikiwa watumishi, lakini bango limegeuziwa mwananchi. Aliyetembea na jua kutoka kijijini kufuata hati yake anaambiwa huduma hapati kwa sababu ya nguo. Anayesema hivyo amevaa vizuri sana.

Mwanasosholojia Erving Goffman angelielewa bango hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwenda kuishi kwenye kisiwa kimoja kidogo cha visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, na humo akaichunguza hoteli. Aliona wahudumu wakiwa jikoni ni watu wengine, na wakisukuma mlango kuingia ukumbi wa chakula ni watu wengine: sauti inabadilika, mgongo unanyooka, uso unatengenezwa. Kitabu chake kilichotoka Edinburgh mwaka 1956 kilichukua lugha ya tamthilia kuyaeleza maisha ya kawaida. Kuna jukwaa, kuna nyuma ya jukwaa, na katikati kila mmoja wetu anajitahidi kuongoza picha ambayo wengine wanaipata juu yake. Kwa Kiswahili jambo hilo hutajwa kuwa "usimamizi wa taswira". Tafsiri ni sahihi, lakini ni baridi, na imechukua hadi shaka iliyomo: kwamba kuna pazia, na kwamba mtazamaji hajui kilicho nyuma yake.

Kitaya bwana shamba hana pazia. Amepanga chumba kwa mtu ambaye ni mkulima wake. Shati lake la kazini limeanikwa kwenye kamba inayoonekana na nusu ya kijiji. Dagaa ananunua kwenye genge lilelile, na Ijumaa anaswali safu moja na watu aliowaambia Jumanne kwamba mikorosho yao imezeeka. Akilewa, inajulikana kabla hajalala. Kilimo anachokihubiri kinapimwa kwa kishamba chake mwenyewe, na kama kimejaa magugu hakuna tai itakayomwokoa. Vitabu vya kujijenga kikazi vinavyouzwa barabarani Dar es Salaam vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye milango miwili. Vinakufundisha cha kuvaa siku ya usaili. Havina sura ya mtu ambaye usaili wake hauishi.

Chukua kazi ya salfa. Mikorosho inapotoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga huyavaa kama vumbi jeupe na kuyakausha, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamehangaika nao kwa miongo kadhaa. Dawa iliyozoeleka ni unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni, asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia. Unga huo unachoma macho na kifua. Bwana shamba anayekuja kuonyesha namna ya kupuliza akiwa na mokasini zinazong'aa, suruali ya kitambaa na mdomo wazi, mbele ya mabango ya mlangoni amefaulu. Mbele ya mikorosho amefeli yote mawili: weledi, kwa kuwa amepuuza kinga, na mwonekano, kwa kuwa waliomtazama wataiga. Anayekuja na buti za mpira, mikono mirefu, miwani na barakoa, hata kama shati limefifia, ndiye aliyevaa kikazi. Mradi wa gesi asilia nao ulileta somo hilo upande wa Msimbati na Madimba. Vijana wa Mtwara waliwaona mafundi wa mitambo wakiheshimika ndani ya kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, na wengine wakakimbilia vyuo vya ufundi vya VETA wakiwa na picha hiyo kichwani, si picha ya suti.

Karani wa mizani ana mtihani mgumu kuliko wote. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hampi mnunuzi gunia. Anampa karani wa ushirika, anapewa karatasi, kisha anasubiri mnada. Toka msimu wa 2024 zabuni hupitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, kwa hiyo mnunuzi amezidi kuwa mbali na asiyeonekana. Uso pekee wa biashara yote ni wa karani. Mwonekano wake una maana kubwa, lakini si kola yake. Ni kusimama upande ambao mkulima anaisoma mizani mwenyewe. Ni kutamka kilo kwa sauti kabla ya kuziandika, kuandika tarakimu zinazosomeka, kumweleza mama kwa nini korosho zake zimeingia daraja la pili bila kumfokea mbele za watu. Mpinzani wake, mfanyabiashara wa kangomba anayenunua korosho kinyemela nje ya ushirika, hana ofisi wala kitambulisho. Ana fedha taslimu mkononi, anabisha hodi mwezi wa njaa, na anajua majina ya watoto wako. Kwa kipimo cha Goffman anaigiza vizuri kuliko wote, na bei anayotoa ni ya kunyonya.

Na sare? Novemba 2018 Rais Magufuli alikataa bei za wanunuzi, akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapelekwa kusomba mzigo. Magwanda yalileta nidhamu isiyo na shaka maghalani. Malipo, ambayo hayakuwa mikononi mwa askari, yalichelewa kwa wakulima wengi kwa miezi. Watu walikuwa wamepewa sura ya uhakika, wakabaki wakiudai uhakika wenyewe.

Jina ninalolipendekeza kwa ule mzigo wa pili ni staha ya kazi. Mwonekano, unadhifu, utanashati, haiba: yote haya yanamtazama mwenyewe kwenye kioo, na haiba tena imeshachukuliwa na walimu wa saikolojia na fasihi kwa maana ya hulka ya mtu. Staha ina upande wa pili. Mtu hujistahi, na pia humstahi mwenzake. Kitenzi kinadai mtendewa. Mtu wa pwani akivaa kanzu safi kwenda msibani hajipambi. Anawastahi wafiwa. Vivyo hivyo kalamu inayoandika vizuri, mlango uliofunguliwa saa mbili kamili, buti zenye tope zilizovuliwa barazani kabla ya kukanyaga mkeka wa mzee: ni staha ya kazi, na inafundishika.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Katika nchi yetu staha mara nyingi imekuwa fimbo ya kuwachapia wanawake. Mabango mengi ya milangoni ni ya sketi. Matangazo ya kazi za mapokezi bado yanataka binti "mwenye mvuto", kisha ofisi ileile ikamkemea kwa mvuto huo. Kulileta neno hili kazini bila kusema linamwelekea nani kwanza kungekuwa kuongeza picha moja kwenye bango. Kwa hiyo ningelifafanua kwa mwenye madaraka kabla ya asiye nayo: staha ya kazi ni heshima ambayo mtoa huduma, kwa vazi, kauli, muda na uwazi wake, anampa anayehudumiwa. Kwa fasili hiyo afisa anayemfukuza mwananchi kwa sababu ya kaptura ndiye aliyevunja staha, na karani aliyeigeuza mizani imwelekee mkulima ameitimiza, hata kama siku hiyo amevaa kandambili.