Mbaraka Mwinshehe na mpaka wa Holili

Haya wadau, wikendi ndiyo hii, boom bado halijatoka, na mimi niko zangu hosteli na zilipendwa. Leo tuongee historia kidogo kuhusu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, yule waliyemwita Soloist National.

Kwanza hilo jina la jazz. Ukisikia Morogoro Jazz Band unaweza kudhani walipiga kama Louis Armstrong. Wapi! Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, wote hao walipiga dansi: magitaa, ngoma, saksafoni, na ladha ya rumba iliyoingia kwa santuri za Cuba. Jazz lilikuwa jina la kimjini tu.

Morogoro Jazz ilianzishwa 1944, na Mbaraka naye kazaliwa mwaka huohuo. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, akawa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo. Upinzani wao na Cuban Marimba ya Salum Abdallah uliufanya mji mdogo wa Morogoro uwe mji wa muziki. Mwaka 1970 alikwenda na bendi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akatoka, akaunda Super Volcano.

Sasa sikilizeni hapa. Redio Tanzania ilirekodi bendi na kuzirusha hewani, nchi nzima ikamjua. Lakini kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Ukitaka sahani iingie dukani, safari ni Nairobi. Sauti yetu, mashine za jirani.

Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Sisi wa Moshi tunaujua huo mpaka, ni hapo Holili tu, ukivuka uko Taveta. Ulifunguliwa Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo, Januari 1979, Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Alikuwa na miaka 34.

Darasani tunakariri sababu za Jumuiya kuvunjika: ujamaa kwa ubepari, Nyerere na Amin, mgawanyo wa faida. Ni kweli zote, na kwenye mtihani zinaleta maksi. Lakini mwanafunzi anatoka hajui nani aliumia. Wapo mabibi huku Himo na Rombo waliotenganishwa na ndugu zao. Wapo wanamuziki ambao soko lao lilibaki ng'ambo.

Kwa hiyo nikienda TP, somo hilo naanza na wimbo wa "Shida" kwenye simu, halafu swali moja ubaoni: kwa nini Mtanzania huyu santuri zake zilitoka Kenya? Wakilijibu hilo vizuri, zile sababu za kitabuni watazifikia wenyewe.

Wadau walimu, mnasemaje?